Idd yangu ilivyokwama matopeni

Nauli ya basi kutoka Mombasa hadi Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu, ilipanda siku mbili kabla ya Idd, na kondakta hakuona haya kutaja sababu: "Sikukuu hii, bwana." Nikalipa. Safari nzima goti langu lilisukumana na gunia la vitunguu la jirani, na vizuizi vya polisi sikuvihesabu. Ya basi hayana jipya, anayekwenda Lamu anayajua. Nililala Lamu, asubuhi nikateremka gatini kutafuta boti ya Siyu, kisiwani Pate, kwa khale, dada yake marehemu mama.

Nahodha aliniambia tunang'oa saa moja kamili. Saa moja ikapita, saa mbili ikapita, tunangoja abiria mmoja, halafu wawili, halafu mtu na mabati yake. Nauli nayo ikaongezwa mia mbili, eti petroli. Tuliondoka saa tatu na nusu. Mzee mmoja mwenye kofia ya vito aliyatazama maji, akasema peke yake, "Leo bamvua." Sikumtilia maanani. Mimi wa Mombasa, maji nayaona pale Likoni tu nikivuka.

Bamvua ndilo lililotupata. Mwezi ukiwa mchanga, maji hujaa sana na hukupwa sana, na kule Lamu siku hizo mkupwo wa mchana huangukia saa nne, saa tano. Kwa hivyo mwezi uleule tuliokuwa tunaungoja jioni, tumalize Ramadhani, ndio ulioyavuta maji chini yetu. Tulipoingia kwenye mkono wa bahari wa Siyu, mikoko huku na huku, injini ikakohoa, ikatema tope. Nahodha akashika pondo. Pondo likazama hadi nusu, yeye akabaki ananing'inia. Boti tuli.

"Tutasubiri kidogo," akasema. Kidogo hicho kilikuwa saa tatu, juani, watu kumi na wanane wenye swaumu. Na kaa wadogo wakitoka mashimoni kututazama.

Kijana mmoja hakuwa na swaumu. Alikuwa ameswali Idd asubuhi hiyo na wenzake wanaofuata mwezi wa Saudia, sisi wengine tunafuata mwandamo wa kwetu. Chupa yake ya maji aliifunga ndani ya shuka, asiinywe mbele yetu. Adabu ile iliniingia moyoni. Nyumbani kwetu Mombasa jambo hilo hilo limewahi kuwafanya ndugu wawili wasile sahani moja sikukuu nzima.

Lakini aliyetufurahisha ni fundi cherehani. Alikuwa na mfuko mkubwa wa nguo za watu, kanzu na magauni ya watoto, zote za kuvaliwa kesho. Simu yake ilikuwa hailali.

"Fundi, umefika wapi?"

"Naingia, mama, naingia."

Mwanamke aliyekaa karibu na injini akamkemea: "Fundi! Swaumu hiyo!"

"Sikumwambia naingia wapi," fundi akajibu. Boti ikatikisika kwa kicheko, ndiyo mara pekee iliyotikisika tangu ikwame.

Kisha akafungua mfuko akaanza kushona vifungo kwa mkono. Macho yake yalikuwa yamechoka, uzi hauingii sindanoni, nikamtungia. Nikamtungia wa pili. Wa tatu akanipa na kanzu yenyewe, ndogo, ya mtoto wa miaka sita hivi. "Hapa na hapa, mwanangu. Usivute." Nikavuta. Kifungo kikakaa upande, kimejikunja kama sikio la paka. Fundi akakitazama, akakunja kanzu, akairudisha mfukoni bila neno.

Yule mzee wa kofia ya vito naye alikuwa na lake. Miaka ya 1840, alisema, Seyyid Said wa Zanzibar alileta majeshi yake Siyu, na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, akayashinda. "Mnadhani kwa bunduki tu?" Akanyoosha kidole matopeni.

Saa nane maji yaliyokuwa yakirudi yakaanza kutufikia, kimya kimya kati ya mizizi ya mikoko. Saa tisa tuliuona ukuta wa ngome, na gatini umati wa wanawake ukimngoja fundi, si sisi. Sijui walimwambia nini. Nilikimbia.

Khale alinitazama miguu yenye tope, akauliza, "Umekuja kwa boti au umekuja kwa miguu?" Magharibi mwezi ukaonekana, takbira zikaanza msikitini, nami nikalala na uji wa futari tumboni kabla hata ya kupewa habari za waliofariki na waliozaa.

Idd yenyewe ilipita haraka kama zinavyopita zote: swala, pilau, nyumba hadi nyumba, "kullu am wa antum bikhair" mpaka ulimi ukakauka. Mombasa siku hizi watoto wa jirani hawabishi hodi kwangu, lifti na mlinzi vimewazuia. Siyu walikuja kwa makundi, mikono mbele, wakitaka mkono wa Idd. Noti zangu za hamsini zilikwisha kabla ya adhuhuri.

Wa mwisho alikuja peke yake, kanzu nyeupe, kifungo cha pili kimelala upande, uzi unaning'inia.

"Kanzu yako nzuri," nikamwambia.

Akakishika kile kifungo. "Mama asema fundi kazeeka."

Nikampa mia mbili.