Nilivyouona upinde wa Zeta Ophiuchi kwa simu

Hapa Mtwara, nyota iitwayo Zeta Ophiuchi hupita utosini kabisa. Katikati ya Julai, kati ya saa tatu na saa nne usiku, tafuta Antares, ile nyota nyekundu ya kundinyota la Nge, kisha inua macho moja kwa moja kuelekea kaskazini. Ni nyota ya kiasi tu, huwezi kuidhania kitu. Lakini ina uzito wa karibu Jua 20, na inakimbia kilomita 24 hivi kila sekunde. Upepo wake mkali unapokutana na gesi na vumbi la angani, vyote husongamana mbele yake kama povu kwenye omo la jahazi.

Nilitaka kuliona povu hilo mwenyewe. Darubini isingenisaidia, maana vumbi lile hung'aa zaidi kwa infraredi, mwanga wa joto usioonekana kwa macho. Nikafungua Aladin Lite, ramani ya anga ya bure kutoka Strasbourg, Ufaransa, nikaandika zeta Oph. Picha ya mwanga wa kawaida ilionyesha nyota tu. Nikabadilisha ramani, nikachagua AllWISE, picha za infraredi za darubini ya angani ya WISE iliyorushwa mwaka 2009. Ukatokea upinde mkubwa mwekundu, kingo zake zimechongoka upande mmoja na kufifia upande wa nyuma. Wekundu huo ni joto la vumbi, kwenye urefu wa wimbi wa mikromita 22. Toka kwenye nyota hadi kwenye upinde ni kama nusu mwaka wa mwanga.

Kilichonifurahisha zaidi ni kuhakiki mwelekeo. Vipimo vya setilaiti ya Hipparcos vinasema kila mwaka nyota hii husogea milisekunde za tao (kipimo kidogo sana cha pembe angani) 15 kuelekea mashariki na 25 kuelekea kaskazini. Nikapiga picha ya skrini, nikachora mshale kwa uwiano huo, nikikumbuka kuwa kwenye ramani za anga mashariki huwa kushoto. Mshale ukatoboa upinde pale pale kwenye kipeo chake!

Mwaka 1961 mwanaastronomia Adriaan Blaauw wa Uholanzi alieleza asili ya mbio kama hizi: nyota mbili zinazungukana, moja inalipuka, mwenzake anabaki bila wa kumshika na kwenda zake.

Sasa nipo kwa Kappa Cassiopeiae, nyota nyingine inayokimbia. Upinde wake uko mbali zaidi na nyota, kama miaka 4 ya mwanga.