Midomo inasema hivi, sauti inasema vile

Saa nane usiku, umeme umerudi, na mimi badala ya kulala nimekaa naangalia midomo ya watu. Sio utani. Kuna kipande cha tamthilia ya Kichina, kama sekunde kumi, nimekirudia mara sita, sauti nimeizima kabisa, kaka mmoja wa Kichina kavaa joho, kashika upepeo wa kukunja, anamwambia mwenzake kitu, na mdomo wake bado unatembea wakati ile sauti niliyoisikia mwanzo ilishamaliza. Kichina chenyewe sijui zaidi ya nihao na xiexie. Ila kazi yangu ni kuediti video za harusi, mwaka wa tisa huu, na mtu wa kazi hii ukimwekea sauti isiyokaa mdomoni ataiona hata akiwa anakula.

Yote yameanzia kwa mama mmoja mteja wangu. Harusi ya binti yake tulifanya mwezi wa kumi na mbili, video nikakabidhi, hela nikalipwa, tukaagana vizuri. Wiki iliyopita namuona huyo anaingia na flashi yake mkononi. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, hata kukaa hajakaa anasema, "Mwanangu, huyu wifi yangu naomba umtoe." Nikauliza nimtoe wapi. "Kote." Wamegombana, mambo ya kiwanja nadhani, sikuchimba. Sasa huyo wifi yake ndio shangazi wa bibi harusi, na shangazi wa bibi harusi unamjua jamani, yupo kila mahali! Alafu wenzake wote walishona zambarau yeye akashona njano, hata ukifumba jicho moja unamuona.

Basi nikaanza. Palipo na yeye peke yake nakata, hapo hakuna shida. Palipo na yeye pembeni ya wengine naivuta picha mpaka aangukie nje ya fremu. Shida ni kwamba ukivuta sana picha inaanza kuwa na ukungu, na waliobaki wanakuwa vichwa vitupu. Bwana harusi kabaki uso na tai. Mchungaji kabaki masharubu. Nikajikuta nacheka peke yangu ofisini maana hii kitu nilishawahi kuiona mahali, na siku niliyoiona niligombana na mtu.

Niliiona kwenye ile tamthilia ya Wu Zetian aliyocheza Fan Bingbing, The Empress of China. Enzi hizo muvi tunaenda kuwekewa kwenye flashi kwa kijana wa laibrari pale mtaani. Nikaangalia, mavazi ya hatari, majumba ya hatari, lakini kila mtu ni kichwa. Kichwa kinaongea na kichwa. Malkia anaingia ukumbini, msururu wa watumishi nyuma yake, mara paap, kidevu mpaka nywele. Nikarudi kwa yule kijana nikamwambia umeniuzia kopi mbovu, umekosea saizi ya picha, akaapa kwa mama yake hajaigusa. Na kweli hakuigusa, nilikuja kusoma baadae. Hunan TV walianza kuionyesha tarehe 21 Desemba 2014, tarehe 28 ikatolewa hewani wakasema sababu za kiufundi, ikarudi tarehe 1 Januari 2015 ikiwa imevutwa hivo hivo kama nilivyomfanyia mchungaji. Yale magauni ya enzi ya Tang yana vifua wazi, na kwenye michoro ya zamani ya enzi hiyo yapo vilevile, lakini vifua vikaonekana vimezidi, basi kifua kikiondoka kiuno nacho kinaondoka, kinabaki kichwa. Watazamaji kule wakambatiza jina Wu Kichwa Kikubwa. Mwanamke pekee aliyewahi kukaa kwenye kiti cha enzi cha China kwa jina lake mwenyewe, watu wanamjua kwa kichwa.

Mda ule sikuelewa kwanini wasirudie tu kupiga. Sasa naelewa. Tamthilia za kule hazirekodiwi huku zinaonyeshwa, zinapigwa zote mpaka episodi ya mwisho, zinaeditiwa, zinapelekwa kukaguliwa, zikipewa kibali ndio zinauzwa kwa vituo. Kwa hiyo mkasi unakuja mwishoni kabisa, seti zimeshavunjwa, waigizaji wako kwenye kazi nyingine, na fundi amebaki na vitu vitatu tu mkononi: kata, vuta, au badilisha sauti. Yaani vilevile nilivyonavyo mimi na shangazi wa watu. Hakuna anayeweza kurudi kufunga ile ndoa upya.

Hiki cha tatu ndio kimenikosesha usingizi.

Wengi wetu hapa Bongo tamthilia ya Kichina tuliijua kupitia Mao Doudou, TBC, 2011, imewekewa sauti za Kiswahili, yule binti na mama wakwe zake. Hata rais Xi Jinping alipokuja Dar Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba. Bibi yangu alikuwa hakosi. Alikuwa anasema huyu mtoto wa Kichina Kiswahili chake kizuri kuliko cha wajukuu zangu, tunamwambia bibi sio yeye anayeongea, anasema nyamazeni nisikie. Baadae StarTimes wakaja wakafanya mpaka mashindano ya sauti hapa Dar, 2016, walioshinda wakaenda kufanya kazi Beijing. Nilifikiri hiyo ya kuweka sauti ya mtu mwingine ni kwa ajili yetu sisi tusiojua lugha. Kumbe hata huko kwao Mchina anayeangalia nyumbani kwake mara nyingi anasikia sauti ya mtu ambaye hayupo kwenye picha! Zhen Huan, yule wa tamthilia ya ikulu ya 2011, uso ni wa Sun Li, sauti ni ya dada anaitwa Ji Guanlin, na mashabiki wanamjua kwa jina na wanamfuata kama anavyofuatwa muigizaji. Sababu zipo za maana tu. Hengdian kule Zhejiang kuna studio kubwa ajabu, ikulu za kuigiza zimejengwa kabisa, huku wanapiga hawa, ng'ambo ya ukuta wanapiga wengine, watalii wanapita, huwezi kupata sauti safi. Alafu kuna waigizaji wa Hong Kong na Taiwan wenye lafudhi zao. Sawa. Lakini fundi yoyote atakwambia, ukishakuwa na mtu wa kuweka sauti baadae, maneno nayo yanaweza kubadilika baadae.

Ndio nikaingia kwenye tamthilia ya Word of Honor, ya Youku, jukwaa la video la kule, mwanzo wa 2021, episodi 36. Imetoka kwenye riwaya ya mwandishi anayejiita Priest, na kwenye riwaya wale wanaume wawili ni wapenzi. Kwenye skrini hairuhusiwi, kwa hiyo wamekuwa marafiki wa damu, wanaojuana roho. Mwongozaji kapiga, waigizaji wamesema maneno yao mbele ya kamera, alafu kwenye kuweka sauti baadhi ya maneno yakapoozwa. Ila midomo imebaki. Na mashabiki wakagundua. Wakaanza kuizima sauti na kusoma midomo, wanabishana, huyu anasema kasema hivi, yule anasema hapana angalia mdomo unavyofunga, ikawa kama somo la shule, watu wanajisifia wamefika daraja gani la kusoma midomo. Binamu yangu aliyesoma kule ndio alinitafsiria mawili matatu na yeye akachoka, akaniambia dada, wewe lala.

Mimi silali. Kwa sababu nimekaa upande wa pili wa hii kitu miaka tisa, mimi ndio nashika mkasi, na siku zote nimeamini kwamba nikifanya kazi yangu vizuri mtu haoni. Hao watu wanaona. Na wanaona kwa sababu wanapenda, sio kwa sababu ni mafundi. Mtu ameangalia kipande kimoja mara arobaini, utamficha nini?

Kingine kilichonishangaza ni yale maneno yanayopita juu ya picha. Mara ya kwanza nilifikiri simu imepata kirusi. Unaangalia mtu anakufa, mara maandishi yanatoka kulia kwenda kushoto kama kumbikumbi wameona taa, mamia, yanafunika uso wa marehemu. Asili yake Japani, ila Bilibili, mtandao wa video wa China, wakaifanya ya kwao na sasa iko karibu kila jukwaa la video kule. Kumbe ni watazamaji, kila mmoja kaandika kwenye sekunde ileile, hata kama kaangalia mwezi uliopita. Unaweza kuyazima. Binamu anasema hazimi, akizima anajiona kama yuko peke yake sebuleni.

Sio kwamba kila kinachokera kimeletwa na wakaguzi, tusiwaonee. Urefu kwa mfano. Ile tamthilia ya ikulu ya Ruyi ina episodi 87! Kituo kinanunua kwa idadi ya episodi, kwa hiyo mwenye mali anavuta, kumbukumbu za nyuma zinarudi, mtu anaangalia mvua dakika nzima, episodi inaanza kwa kukurudishia ulichokiona jana. Namwelewa, mimi nikilipwa video ya masaa matatu na harusi ina mambo ya saa moja na nusu naweka maua yanaenda polepole, naweka gari linakata kona mara mbili. Februari 2020 serikali yao ikatoa maelekezo zisizidi episodi 40. Kwa hilo niliwashukuru, bando langu liliwashukuru.

Alafu hela. Mwisho wa 2019 ilitoka tamthilia ya Joy of Life, watu wamelipia VIP ili waone mapema kuliko wa bure, katikati ya safari wanaambiwa ukitaka kuwahi zaidi ongeza yuan 50. Watu walitukana wee. Wakili mmoja hakutukana, akaenda mahakamani, Mahakama ya Intaneti ya Beijing 2020 ikampa haki dhidi ya jukwaa la iQiyi na fidia yuan 1,500, na Oktoba 2021 majukwaa matatu makubwa, iQiyi, Tencent na Youku, wote wakaachana na mtindo huo. Na wakati kelele zinaendelea episodi zote 46 zikavuja mtaani kabla hazijaisha kuonyeshwa. Si nimesema zinakuwa zimeshapigwa zote? Mwizi hakuwa na kazi ngumu.

Kinachonitisha kidogo ni kufutwa mtu mzima. Agosti 2021 jina la Zhao Wei, yule tuliyemjua kama Xiao Yanzi kwenye tamthilia ya 1998, liliondolewa kwenye orodha za waigizaji kwenye majukwaa makubwa, baadhi ya kazi zake zikaendelea kucheza bila jina lake, na hakuna aliyetoka kueleza. Mwezi uleule Word of Honor nayo ikaondolewa kwenye majukwaa ya kule, sababu picha za zamani za mmoja wa wale waigizaji wawili akiwa Yasukuni, Tokyo, lile hekalu ambalo Wachina wakilisikia wanakumbuka vita na Wajapani. Kule haipo. Mimi Dar naiangalia na kuirudisha nyuma nitakavyo, wale waliosoma midomo mpaka wakafuzu hawana pa kuibonyeza kwao, labda waliohifadhi. Kuna tamthilia nyingine ya 2020 walibandika uso wa mtu mwingine kwa kompyuta juu ya muigizaji aliyepigwa marufuku, shingo ya huyu uso wa yule, na ukiangalia pale kwenye taya panacheza. Nilipoona ile nikafunga simu nikaenda kunywa maji.

Haya, shangazi. Nimemaliza jana jioni. Masaa mawili na dakika kumi, njano hakuna hata tone, palipobana nimeweka maua. Nikaanza kuikagua kwa mara ya mwisho, na kwa hii tabia mpya ya kuzima sauti na kuiwasha, nikafumba macho nikaacha sauti tu iende.

Yupo. Kigelegele chake. Yule mama anaanza kabla ya wenzake wote, anapandisha juu, wenzake wanachoka wanashuka, yeye bado yuko hewani. Pete ikivishwa yupo, keki ikikatwa yupo, mpaka kwenye sala ya mchungaji kaingia kabla ya amina. Na siwezi kumtoa, kashikana na sauti ya mchungaji, kashikana na kicheko cha bibi harusi, nikimkata yeye naukata na mkono wa pete. Ningeweza kufunika na muziki. Nimejaribu. Bibi harusi akawa anacheka bila sauti, mdomo wazi, na gospo juu yake.

Nimeutoa muziki. Mama anakuja saa nne asubuhi na flashi yake.