Kumtafutia Kasuku Daktari katika Mji wa Ng'ombe wa Maziwa

Shomari tulimrithi kwa marehemu mjomba, pamoja na tundu lake la chuma, kibali chake na tabia yake ya kuitikia hodi kabla ya wenye nyumba. Ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ndege ambaye akitunzwa vizuri huweza kuishi miaka 40 na zaidi, kwa hiyo hapa kwetu Chumbageni huhesabiwa miongoni mwa wazee. Mwaka jana alianza kupiga chafya, jicho lake la kushoto likavimba, kisha akanyamaza kabisa.

Tanga haina uhaba wa watu wanaojua mifugo, kwani huu ni mkoa wa ng'ombe wa maziwa, na ukiulizia daktari mtaani utatajiwa wawili watatu papo hapo. Ukisema kwamba mgonjwa ni ndege, hata hivyo, unaelekezwa kwenye duka la dawa za kuku. Nilikwenda. Muuzaji hakuuliza uzito wala dalili, akanipa pakiti ya unga wa kuchanganya na maji, na Shomari alipoyaona maji yamegeuka manjano hakuyagusa kutwa nzima. Baadaye nilielezwa kwamba dawa za namna hiyo hupimwa kwa ajili ya banda zima la kuku, ilhali kasuku hunywa maji kidogo sana na huyasusa yakibadilika rangi au ladha, hivyo hukosa dawa na maji pia.

Wa pili alikuwa daktari kweli, lakini alimkamata kwa kumbana kifua. Ndege hana kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kama sisi. Hupumua kwa kupanua kifua chenyewe, na ukikibana unamziba pumzi ijapokuwa pua na mdomo viko wazi. Nilimwomba amwachie, nikamlipa nauli yake, tukaagana kwa heshima.

Wa tatu alinishangaza kwa kuanza na kukiri. Alisema kazi yake ni ng'ombe, na kwamba kasuku hajamshika tangu alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro. Kisha akaomba kiti, akakaa hatua tatu kutoka kwenye tundu, akamtazama ndege kwa dakika kumi bila kumgusa. Kasuku huficha ugonjwa, kwa sababu porini anayeonekana dhaifu ndiye anayeliwa kwanza, na akiona mgeni amemsogelea hujikaza na kujifanya mzima. Daktari alikuwa akiangalia mkia, kwani ndege anayepumua kwa shida mkia wake hupanda na kushuka kwa kila pumzi. Akaomba gazeti lililotandikwa chini ya tundu, akanionyesha kwamba kinyesi cha ndege kina sehemu tatu, yaani choo chenyewe, chokaa nyeupe na majimaji, na kwamba kila moja inapobadilika ina maana yake. Mimi miaka yote nilikuwa nakunja gazeti na kulitupa.

Ndipo akaomba mizani ya jikoni. Tulimweka Shomari ndani ya kikapu, tukatoa uzito wa kikapu, zikabaki gramu 382, ilhali kasuku wa aina yake kwa kawaida huwa na gramu 400 hadi 500. Aliponiuliza uzito wake wa zamani sikuwa na jibu, na aibu ile nilistahili. Alimfunga kwa taulo bila kumkaza kifua, akamfungua mdomo, akakuta vidoa vyeupe.

Swali lililofuata lilihusu chakula, nami nikajibu kwa fahari kwamba hakosi mbegu za alizeti. Kumbe alizeti ina mafuta mengi, ilhali vitamini A na kalisi ni chache, na vitamini hiyo ikipungua utando wa mdomo na pua huwa mgumu, vijidudu vikapata njia. Hakutoa dawa papo hapo. Alimpigia simu mwenzake wa Morogoro, wakakokotoa kipimo kwa gramu, na jioni akarudi na dawa ya kudondoshea mdomoni kwa bomba lisilo na sindano.

Aliuliza pia mambo mawili ambayo wenzake hawakuyagusa. Kwanza, kama kuna mtu nyumbani anayekohoa au mwenye homa, maana kasuku anaweza kumwambukiza binadamu bakteria aitwaye Chlamydia psittaci kwa vumbi la kinyesi na manyoya, na mapafu yakaathirika. Pili, aliuliza kibali. Kasuku wa kijivu yumo tangu 2017 katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe wa porini, yaani katika orodha ya wale wanaolindwa kwa ukali zaidi, na daktari anayeulizia karatasi namwamini zaidi, hata kama kwa wengine anaonekana msumbufu.

Sasa nampima kila Ijumaa asubuhi kabla hajala, na juzi alifika gramu 431. Alizeti tunaipunguza polepole, kwa kuwa kasuku akibadilishiwa chakula ghafla anaweza kugoma kula hadi akadhoofu. Boga na karoti amevikubali, na pilipili anaila kama peremende kwa sababu ndege hawausikii ukali wake. Mchicha bado anautupa chini, na kuku wa jirani wameshajua saa ya kuja kuuokota.