Wanajua pa kuja

"Wana bahati hawa. Wanajua pa kuja."

Mama mkwe, Bibi wa watoto wangu, aliyasema hayo Jumamosi, Tengeru nje ya mji wa Arusha, kwenye makaburi ya Wapolandi, na mpaka leo hayajanitoka. Nikikoroga uji nayasikia, nikisahihisha madaftari ya darasa la sita nayasikia. Wiki hii baba Neema, mume wangu, kapata barua ya uhamisho wa Dodoma na gari limeshapata mnunuzi, lakini nikikaa kuandika inayonijia ni sauti ya Bibi, na namna alivyokuwa ameshika pindo la kanga yake kwa mikono miwili.

Bibi amekuja kwetu Arusha kwa ajili ya macho, baada ya kipaimara cha watoto wa Marangu. Daktari kamwambia hana tatizo kubwa, miwani inatosha. Neema ndiye aliyesema tumtembeze, maana Bibi anakuja Arusha miaka yote na anachokijua ni stendi, hospitali na kanisani.

Tukaanzia Boma. Ni jengo tunalopita nje kila siku tukienda kutafuta daladala, na wenyeji tunaoingia ndani ni wachache, jambo linaloniuma kama mwalimu. Wajerumani walilijenga mwaka 1900, na siku hizi ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Watoto walikimbilia kwa wanyama. Bibi alibaki kwenye habari za utawala wa Wajerumani, akaniomba nimsomee. Nikamsomea, na mengine nikamweleza mwenyewe: kwamba Waarusha na Wameru waliwaua wamisionari wawili kule Akeri mwaka 1896, kwamba Kapteni Johannes wa jeshi la Wajerumani alitoka Moshi kuja kulipiza kisasi, na kwamba alikuja na wapiganaji wa Kichagga.

"Wachagga," akarudia.

"Ndiyo, mama."

"Halafu akarudi akatunyonga sisi."

Bibi ni mzaliwa wa Old Moshi, Marangu ameolewa tu, na habari za Mangi Meli, chifu wa huko, amekua nazo. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa kule Tsudunyi pamoja na wenzake, watu 19 kwa jumla, wakiwemo viongozi wa Arusha na Meru. Wazee wanasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, mzee Isaria Meli, alikitafuta miaka na miaka, hata akatoa vinasaba vyake vipimwe. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba baadhi ya mafuvu waliyonayo yanalingana na familia za Uchagani. Cha Mangi hakikuwemo. Yote haya Bibi anayajua kuliko mimi, kwa hiyo hapo Boma sikuongeza neno. Makumbusho ya Azimio la Arusha tuliyapita kwa nje tu, jua lilikuwa kali na mdogo wake Neema alikuwa analia njaa.

Tengeru ilikuwa siku ya soko, foleni ndefu kuanzia barabarani. Makaburi yenyewe yamo ndani ya eneo la chuo cha mifugo, yamezungushiwa ukuta, misalaba imepangwa kwa mistari, majani yamefyekwa. Mtunzaji alitupokea vizuri sana. Akatueleza jinsi Warusi walivyowahamisha Wapolandi kwa nguvu mwaka 1940 kuwapeleka Siberia, jinsi walivyoachiwa wakapitia Uajemi, na mwaka 1942 wakaanza kufika huku, wengi wao wanawake na watoto. Kambi ya Tengeru ilifikia watu kama 5,000, na shule zao, kanisa lao na mashamba yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kambi ilifungwa, wengi wakaenda Uingereza, Kanada na Australia. Waliokufa wakabaki, na wachache walio hai wakabaki nao.

Bibi alisikiliza yote. Kisha akamuuliza yule mtunzaji, "Na nani anawapalilia?"

"Mimi hapa, mama. Shikamoo tena. Na ndugu zao huwa wanakuja, wanatoka kwao na ndege, wanawasha mishumaa."

"Wanakuja kweli?"

"Wanakuja. Mwingine anafika, anatafuta jina la bibi yake, analia hapo hapo."

Ndipo aliposema. "Wana bahati hawa. Wanajua pa kuja."

Nikamuuliza, "Unamsema nani, mama?"

Akajibu, "Twende ziwani, watoto wamechoka."

Basi. Hayo tu. Ninayageuza usiku na mchana. Kama alikuwa bado yuko Boma, basi alimsema Mangi. Lakini yupo pia mwanawe mwingine, shemeji Elibariki, ambaye hatujui aliko. Simu yake ya mwisho ilitoka Durban, Afrika Kusini, na sauti ilikuwa ya mtu mwenye haraka. Kwetu Uchagani mtu hulazwa kihambani, kwenye migomba, anaoteshewa masale, mmea wa heshima kwetu, na watoto wanakua wakijua babu yuko pale. Bibi anaye baba mkwe pale, na watoto wake wawili waliokufa wadogo. Elibariki hayupo mahali popote. Hajafa, hajarudi, na hakuna mtu wa ukoo anayethubutu kutamka mojawapo mbele ya mama yake. Nilipomwambia baba Neema alichosema mama, alitazama chini, akasema, "Alimaanisha Mangi." Haraka mno.

Halafu Duluti! Nilitegemea Bibi atakaa kwenye benchi chini ya miti. Lile ziwa limo ndani ya kreta, msitu umelizunguka, maji yametulia, na Meru ikitoka mawinguni unaiona yote. Kijana wa mitumbwi akaja, sisi tukaanza kumkatalia kwa niaba yake. Bibi akauliza bei. Akapunguza bei. Akavishwa jaketi la kuokolea juu ya kanga, akashikwa mkono, akaingia. Nilikaa nyuma yake nikiwa nimemshika kiuno. Kenge alitumbukia kutoka kwenye mizizi, Neema akapiga kelele, na Bibi akacheka, kicheko kirefu ambacho sijakisikia tangu mahari ya wifi. "Piga picha, baba Neema! Wapelekee wa Marangu!" Nilifurahi mpaka koo likanibana. Mama huyu amelima, amesomesha, amezika, na hakuna aliyewahi kumwambia twende tu tukatembee.

Tangu siku hiyo anazungumzia mtumbwi kwa kila anayeingia nyumbani. Makaburi hayataji. Jana alimuuliza Neema kama Durban ina bahari au ziwa, Neema akamjibu bahari, akasema "aha," akaendelea kuchambua maharage. Nilitaka kukaa karibu naye nimuulize tena. Nikaona acha, akitaka atanieleza mwenyewe, na nitakuwepo.

Ataondoka Alhamisi. Mimi nina jingine: jirani wa chini ameanza kuchimba msingi, amesogea mpaka ubavuni mwa ukuta wetu, udongo wa upande ule ni laini na vuli imeshaanza. Baba Neema akienda Dodoma, nani atazungumza na yule mzee?