Sanamu iliyomezwa na madirisha

Leo nimepunguza mita 3 kwenye sanamu yangu, na moyo umetulia.

Wiki tatu nzima nilikuwa nimeng'ang'ania nguzo ya mita 12, nyembamba, iliyonyooka, isimame mbele ya jengo la ghorofa sita lenye madirisha marefu ya wima. Kwenye michoro ilinipendeza sana. Jana usiku nikaweka modeli ya kadibodi mezani, nikazima taa, nikaimulika kwa tochi kutoka ubavuni kama jua la jioni. Kisha nikainama hadi jicho likawa sawa na meza, pale ambapo mpita njia angekuwa. Sanamu sikuiona! Mistari yake ilizama katika mistari ya madirisha, kikabaki kivuli tu kikipanda ukutani. Iliniuma.

Nikamkumbuka mchongaji Alexander Calder na sanamu yake Flamingo ya mwaka 1974 kule Chicago. Nyuma yake kuna majengo ya msanifu Mies van der Rohe, meusi, yenye pembe kali. Calder akayajibu kwa matao mekundu. Na mchongaji Brâncuși, sanamu yake Nguzo Isiyo na Mwisho, Romania, 1938: inakwenda juu karibu mita 29, lakini kila kipande kina sentimita 180, kimo cha mtu mrefu. Ukiitazama, unaipanda kwa kipimo cha mwili wako mwenyewe. Hilo ndilo nililolikosa. Nilishindana na jengo, nikamsahau anayesimama chini.

Basi sasa ni vipande vitano vya sentimita 180, jumla mita 9, kila kimoja kimegeuzwa kidogo juu ya mwenzake. Mhandisi ameufurahia msokoto huo kuliko nilivyotarajia. Upepo ukipita kwenye nguzo laini huacha vizingia, yaani vimbunga vidogo vya hewa, upande huu na ule kwa zamu, na zamu hizo zikilingana na mtikisiko wa nguzo yenyewe, inaanza kuyumba. Ndiyo maana mabomba marefu ya moshi viwandani huvishwa mabati yanayozunguka kama uzi wa skrubu, yavuruge zamu hizo. Hesabu bado anazifanya.

Itakuwa ya chuma kisichoshika kutu, kilichosuguliwa kufifisha mng'ao, kisije kikawachoma macho walio madirishani.

Usiku huu nimewasha tochi tena. Kipande cha tatu kimeshika mwanga ukingoni, uzi mwembamba mweupe, na madirisha nyuma yake yakanyamaza.