Tulivyoyagawa Masanduku ya Barua Pepe

Mwaka 2009 nilikuwa fundi wa mitambo katika kitengo cha TEHAMA cha chuo kimoja jijini Dar es Salaam, na kazi niliyoithamini kuliko zote ilikuwa kutunza barua pepe za walimu na wafanyakazi. Barua hizo zote zilikaa ndani ya seva moja. Kwa miaka mingi seva hiyo ilitosha, si kwa sababu ya nguvu zake, bali kwa sababu barua kutoka nje zilitufikia polepole kupitia setilaiti, na aliyetuma kiambatisho kikubwa alijua kwamba anajitafutia usumbufu. Mkonga wa SEACOM, yaani kebo ya intaneti inayopita chini ya bahari, ulipoanza kufanya kazi Julai mwaka ule, njia ikafunguka, na haukupita muda watu wakawa wanatumiana tasnifu nzima, picha za mikutano na fomu zilizopigwa skani. Udhaifu wa seva, ambao wembamba wa setilaiti ulikuwa umeuficha, ukajitokeza.

Ulijitokeza hasa asubuhi, kuanzia saa tatu, walimu walipofika ofisini na kufungua kompyuta zao kwa wakati mmoja. Simu zililia katika kitengo chetu, na wengi waliopiga waliamini kwamba intaneti imekatika. Intaneti ilikuwepo. Prosesa ya seva nayo ilikuwa karibu haina kazi, ila diski ilikuwa imezidiwa. Barua zetu zilihifadhiwa kwa mtindo wa Maildir, ambao kila barua ni faili linalojitegemea, na hata kuisoma tu hubadilisha jina la faili hilo, kwa kuwa herufi S huongezwa mwishoni ili kuonyesha kwamba imeshasomwa. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huweza kurukia sehemu tofauti takriban mara 100 tu kwa sekunde. Mara tu mamia ya watu wanapofungua masanduku yao, kila mmoja akiwa na maelfu ya mafaili madogo, foleni huanza, na foleni hiyo haiondoki kwa kununua diski yenye nafasi kubwa zaidi. Ilitubidi tuwe na diski nyingi zinazofanya kazi kwa pamoja, na njia tuliyoimudu ilikuwa kuyagawa masanduku kwenye seva kadhaa.

Swali la namna ya kuyagawa lilituweka mezani kwa muda mrefu kuliko swali la vifaa. Mwenzetu mmoja alipendekeza tufuate alfabeti, kwa kuwa majina ya watumiaji yalianza na jina la ukoo: A mpaka I seva ya kwanza, J mpaka R ya pili, zinazobaki ya tatu. Pendekezo hilo hupendeza likiwa kwenye karatasi. Lakini mtu yeyote aliyewahi kuita mahudhurio katika darasa la Tanzania anajua herufi M ilivyo. Wapo akina Mushi na Massawe kutoka Kilimanjaro, akina Msuya na Mbwambo kutoka Upareni, kina Mwaka-fulani wote wa Mbeya, akina Mgaya, akina Mollel, na orodha inaendelea hadi ukurasa wa pili kabla hujaifikia N. Nilifungua orodha yetu na kuipitisha kwa wenzangu ili kila mmoja aone mwenyewe jinsi seva ya kati ingebeba mzigo wa wenzake wawili. Hoja ikaishia hapo.

Wengine walitaka kila kitivo kipewe seva yake. Faida ipo, maana watu wa idara moja hushirikiana folda, na folda ya pamoja ni rahisi kuiendesha ikiwa wahusika wote wako seva moja. Hata hivyo seva ikifa, kitivo kizima hukaa bila barua, dekani pamoja na katibu wake, na hilo mimi sikulikubali. Njia ya tatu ilikuwa kukokotoa namba kutokana na jina la mtumiaji, kuigawa kwa idadi ya seva, na kutumia baki kuamua anakokwenda. Mgawanyo wa namna hiyo husawazisha mzigo vizuri sana, ila siku utakapoongeza seva ya nne, baki hubadilika kwa watu wengi, na robo tatu ya masanduku yote hulazimika kuhama.

Mimi nilisimamia njia iliyo rahisi kuliko zote, nayo ni kuandika. Kila mtumiaji alikuwa tayari na kumbukumbu yake katika saraka ya LDAP, yaani orodha kuu ya watumiaji ambayo programu nyingine huweza kuiuliza. Tungeongeza kipengele kimoja, mailHost, chenye jina la seva inayotunza sanduku lake, na mahali pengine popote pangeuliza saraka hiyo. Anayetaka kumhamisha mtu hubadilisha mstari mmoja, na wengine wote hubaki walipo. Wanaoshirikiana folda tungewaweka pamoja, na wenye masanduku mazito tungewatawanya. Ndivyo ilivyoamuliwa.

Mbele ya seva za kuhifadhi tuliweka mashine ya proksi, yaani ya kumpokea mtumiaji na kumwelekeza, yenye Dovecot, programu inayowafungulia watu masanduku yao. Mtu akiingiza neno la siri, proksi huuliza saraka, hupata jina la seva yake, kisha humuunganisha huko bila yeye kuona lolote. Postfix nayo, programu ya kusafirisha barua, inapopokea barua kutoka nje, huuliza saraka ileile na kuipeleka kwenye seva inayohusika. Tuliipa proksi anwani ya IP iliyokuwa ya seva ya zamani, kwa sababu tulijua kwamba katika ofisi nyingi kuna kompyuta zilizoandikiwa tarakimu za anwani hiyo badala ya jina, na hatukutaka kuzunguka mlango kwa mlango. Proksi haihifadhi barua hata moja, hivyo ikifa, ya akiba huchukua nafasi yake mara moja.

Kuhamisha masanduku ndiko kulikoninyima usingizi. Mle ndani mlikuwa na barua za watahini wa nje, data za utafiti wa miaka, na mawasiliano ya wanafunzi wa uzamivu na wasimamizi wao. Barua moja ikipotea, huenda hakuna nakala yake popote duniani. Tulisubiri likizo ndefu, tukaanza. Sanduku lilinakiliwa kwanza kwa rsync, programu ya kunakili mafaili, huku mwenyewe akiendelea kulitumia. Baadaye, usiku, tulimfungia kwa muda, tukaiagiza Postfix izishikilie barua zake kwenye foleni, ambako zinaweza kusubiri hadi siku 5 kabla ya kurudishwa kwa mtumaji, kisha tukanakili tena yale tu yaliyobadilika. Katika awamu hii ya pili ni lazima rsync iagizwe pia kufuta upande wa pili kile ambacho hakipo tena upande wa kwanza. Bila agizo hilo, barua ambayo mtu aliifuta mchana hurudi sandukuni. Ndipo tulibadilisha mailHost, tukamfungulia, tukaenda kwa anayefuata.

Faili moja tulilichunga kama mboni ya jicho: dovecot-uidlist, lenye namba ambayo kila barua imepewa. Programu ya mtumiaji hutambua kwa namba hizo kwamba barua fulani imeshaiona. Namba zikibadilika, programu huamini kwamba barua zote ni mpya na huzivuta upya kuanzia ya kwanza.

Hilo lingemwumiza zaidi profesa mmoja mwenye sanduku kubwa kuliko yote chuoni. Alitumia POP3, njia ya kuvuta barua hadi kwenye kompyuta ya mtumiaji, na kuacha nakala zote kwenye seva, na jengo lake liliunganishwa nasi kwa redio iliyokuwa na kasi ndogo. Asubuhi baada ya kuhamishwa nilifika ofisini kwake kabla hajawasha kompyuta.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Barua zangu mmezipeleka wapi?"

Nilimweleza kwamba zimehamia mashine nyingine, na kwamba yeye hana cha kubadilisha. Alivaa miwani, akaketi, akabonyeza kitufe cha kupokea barua. Nilisimama nyuma ya kiti nikitazama mstari mdogo chini ya dirisha, pale panapoandikwa idadi ya barua zinazovutwa. Kama faili lile lingekuwa limeachwa, pale pangeandikwa maelfu. Ziliingia barua chache za usiku ule, mstari ukatoweka. Alifungua ya kwanza, iliyotoka kwa mtahini wa nje, akaanza kuisoma kwa sauti ya chini na kuchukua kalamu.

"Sasa ninyi mlibadilisha nini?" aliuliza bila kugeuka.

"Mahali zinapokaa tu, Profesa."

Aliitikia kwa kichwa na kuendelea na kazi yake. Niliteremka ngazi nikiwa na furaha ambayo sikuwa na mtu wa kumweleza mpaka nilipowafikia wenzangu.

Chuo kilipofunguliwa, saa tatu asubuhi ilipita bila simu. Tulikaa mbele ya skrini tukitazama foleni ya diski kwenye seva zote mbili mpya, na hakuna iliyoelemewa. Seva ya zamani ilipobaki tupu tuliibadilishia diski, tukaiwekea mfumo upya, na wiki zilizofuata tukaihamishia theluthi ya masanduku kwa utaratibu uleule, safari hii mchana, watu wakiwa kazini.