Nilivyokisia Morris Minor Zilizobaki Unguja

Ukiuliza kwenye baraza yoyote ya Mji Mkongwe Morris Minor ngapi, zile gari ndogo za kale za Kiingereza, zimebaki Unguja, jibu hulikosi. Unachokosa ni majibu mawili yanayokubaliana. Mmoja atakwambia tatu, na zote atakutajia kwa rangi zake na mtaa zinapolala. Mwenzake atamcheka: "Tatu? We hutembei!" Wote wawili wanasema walichokiona. Tabu ni kwamba kila mmoja anahesabu njia anazopita yeye.

Mimi si fundi, wala si tajiri wa kukusanya gari za kale. Nimefanya kazi dikoni, kuandika samaki wanaoshushwa, na mtu wa dikoni huzoea swali ambalo wengine huliona la wazimu: hawa umewaona, je, waliobaki majini ni wangapi? Nilipochoka na ubishi wa barazani nikajiambia, gari haziogelei, hazihami na mwezi, na kisiwa chetu kina bahari pande zote. Zinahesabika.

Kazi ya kwanza haikuwa kuhesabu. Ilikuwa kuamua gari moja ni kitu gani.

Morris Minor ilionyeshwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1948, kazi ya mhandisi Alec Issigonis, na mpaka ilipoachwa kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilikuwa zimetoka zaidi ya milioni 1.6. Huku kwetu ziliingia zama za Mwingereza, usukani kulia, na mtindo wa kupita kushoto haujabadilika mpaka leo. Halafu ikaja miaka bidhaa zilipokuwa adimu. Spea hakuna, kwa hivyo gari iliyolala ikawa duka la gari inayotembea. Mapaja ya mbele ya Morris, yale mabati yanayofunika magurudumu, hufungwa kwa bolti, boneti inatoka, milango inatoka. Mtu akigonga, anakwenda kwa jirani ambaye yake imekufa injini, wanaelewana, na siku ya pili gari ya kijivu ina paja la kijani. Injini nazo zimebadilishwa sana, ukifungua boneti unakutana na Toyota. Sasa niambie, hapo umeona gari moja au tatu?

Fundi mmoja wa siku nyingi, mzee ambaye mikono yake inaijua gari hii kuliko macho yake, ndiye aliyenipa kanuni. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, akanishika mkono mpaka kwenye bodi iliyokuwa uani kwake.

"Mwanangu, hii haina chesisi ya peke yake kama lori. Bodi ndiyo gari. Vyengine vyote nguo."

Akanionyesha ukuta unaotenganisha injini na abiria. Pale, chini ya boneti, ndipo kiwandani walipobandika kibati chenye namba. Kibati kikiwepo, mchezo umekwisha, unaandika namba unaondoka. Kikiwa kimeng'olewa, tazama fremu ya kioo cha mbele, kwa sababu ile si ya bolti. Vioo viwili vilivyokutana katikati ni gari ya kabla ya mwisho wa 1956, kioo kimoja kilichopinda ni ya baada ya hapo. Kisha papasa nguzo iliyo nyuma ya mlango wa mbele. Mpaka 1961 hizi gari hazikuwa na taa za kumemeta za kuonyesha njia, zilikuwa na vijimkono vinavyochomoka ubavuni kukuonyesha dereva anakata wapi. Vijimkono vyenyewe wengi wamevitoa, lakini tundu lake hata likizibwa na bati na kupigwa rangi, kidole hulihisi.

Tukiwa pale akanipitisha kidole juu ya ule utepe mpana ulioinuka katikati ya boneti, unaoshuka mpaka mbele. Nilidhani ni urembo. Issigonis alipolitazama gari la majaribio aliona ni jembamba, akaamuru likatwe katikati kwa urefu, vipande viwili vikasogezwa mbalimbali mpaka jicho lake likaridhika. Ziliongezeka inchi 4, kama sentimita 10, na ule utepe ndio uliojaza pengo. "Hata wao walikata wakaunga," mzee akasema. "Sisi tukikata tunaambiwa tunaharibu."

Basi nikaweka sharti langu: nahesabu bodi yenye ukuta wake wa injini na fremu ya kioo, ambayo fundi akiitazama anasema hii inaweza kurudi barabarani. Iliyo juu ya mawe imo. Banda la kuku lenye paa la Morris halimo, ingawa nimeoneshwa kwa fahari kubwa. Zile za nyuma ya mbao, zinazoitwa Traveller, zilinipa taabu ya peke yake. Mbao zake si pambo, ndizo zinazobeba sehemu ya nyuma ya bodi. Bara Ulaya huoza kwa mvua. Huku kuna mchwa. Mchwa akishamaliza kazi yake, unabaki na nusu ya gari, nami nusu sikuandika.

Daftari za usajili? Watu wengi huniuliza kwa nini sikuanzia huko. Daftari la namba ni kama kitabu cha waliozaliwa: kinakwambia nani aliingia duniani, hakikwambii nani kazikwa. Gari ikifia uani, mwenyewe hana haja ya kwenda kutoa taarifa. Uingereza wenyewe walianza mwaka 1998 tu kumtaka mwenye gari iliyolala atamke rasmi kwamba imelala, na zile zilizokuwa zimeshalala kabla ya hapo nyingi hazimo. Kama kwao hali ni hiyo, mimi na daftari tuachane. Nilifikiria pia zile namba za vibati, kwa sababu kuna hesabu ya kutumia namba za mfululizo kukisia jumla; majeshi yaliitumia kwenye vita vikuu vya pili kujua Ujerumani inatoa vifaru vingapi. Lakini hiyo inakwambia vilivyotengenezwa. Vilivyosalia ni habari nyingine.

Nilichotumia ni hesabu ya samaki. Mwaka 1896 mtaalamu wa uvuvi wa Denmark, Johannes Petersen, alikuwa akiwatia alama samaki bapa wa ghuba ya Limfjord. Ukiwatia alama, ukawarudisha majini, kisha ukavua tena, wale wenye alama wanaorudi wavuni wanakupa picha ya ukubwa wa bahari. Wakirudi wengi, bahari ni ndogo. Wakirudi wachache, bahari ni kubwa. Gari haina haja ya kutiwa alama, kibati kinatosha. Unahitaji orodha mbili zilizokusanywa kwa njia mbili tofauti, kisha unatazama zilizojirudia.

Tuseme orodha ya kwanza ina gari 12, ya pili 10, na 6 ziko kote kuwili. Zidisha 12 kwa 10, gawa kwa 6: zinapatikana 20. Lakini macho yako yameona 16 tu, kwa hivyo 4 zimejificha. Kwa idadi ndogo kama hizi kuna marekebisho ya mtaalamu wa takwimu, Chapman, ya mwaka 1951: kila namba ongeza moja, fanya hesabu ileile, mwishoni toa moja. 13 mara 11 gawa kwa 7, toa 1, inakuja kama 19. Hesabu ni hiyo tu. Ugumu uko kwenye hizo orodha.

Ya kwanza niliichukua gereji. Mafundi wanaojua Morris ni wachache na wanajuana, na kila mmoja anakumbuka gari kwa ugonjwa wake: hii ya mpira wa breki, ile ya kabureta, ile gurudumu la mbele lililokunjika kwa sababu mwenyewe hapaki grisi. (Huo ndio ugonjwa mkubwa wa Morris. Gurudumu la mbele linakaa juu ya kipande chenye nyuzi za skrubu, na nyuzi zikikosa grisi zinalika mpaka gari inapiga goti njiani.) Orodha ya pili niliipata kwa miguu na kwa baiskeli, mtaa kwa mtaa, kutoka Malindi na Darajani mpaka Kikwajuni, Miembeni, Mwembetanga, kisha nje ya mji kuelekea Fuoni na Mtoni.

Hapa pana jambo ambalo ningemsisitizia yeyote anayetaka kujaribu. Mafundi ni watu wakarimu, kila mmoja alitaka kunipeleka kwa wateja wake. Nilikataa kwa adabu mpaka niwe nimemaliza kutembea. Ukizunguka mtaani ukiongozwa na fundi, orodha ya pili inakuwa kivuli cha ya kwanza, zinazojirudia zinaongezeka, na hesabu inakwambia bahari ni ndogo kuliko ilivyo. Kwa sababu hiyohiyo sikuandika gari niliyoiona siku za sikukuu Mnazi Mmoja au mbele ya msafara wa harusi. Mfungo Mosi ukiingia, harusi zinafuatana, na gari mbili tatu zilizopigwa rangi nzuri ziko kila mahali. Gari ya harusi ni maarufu, kila mtu anayo kwenye orodha yake. Ikitawala hesabu, unakisia idadi ya gari maarufu tu.

Orodha zangu mbili zilipokutana, makisio yalizidi kidogo tu zile nilizoziona. Mtu angeweza kufurahi hapo akafunga daftari. Mimi sikupata raha, kwa sababu ya samaki wa mwambani. Kuna samaki hawaingii wavuni hata ukivua mwaka mzima, na Petersen hawezi kuwahesabu. Gari iliyolala chini ya turubai ndani ya ua wenye kuta haiendi kwa fundi na haionekani njiani. Kwenye orodha zote mbili nafasi yake ya kutokea ni sifuri, na sifuri haiingii kwenye makisio.

Nikahitaji nyavu ya tatu, na nyavu hiyo ilikuwa watoto. Watoto wanaocheza kujificha wanajua kila ua. Nilikuwa na picha ya Morris kwenye simu, natoa salamu kwa wakubwa kwanza, naeleza shida yangu, kisha nawauliza watoto wamewahi kujificha nyuma ya gari kama hii. "Hii iko kwa bibi!" Wananitangulia mbio mpaka mlangoni.

Bibi mmoja nilimpigia hodi, nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba bila kufungua mlango wote.

"Umetumwa na dalali?"

"La, bibi. Nahesabu tu."

"Unahesabu ili iweje?"

Nikamweleza ubishi wa barazani. Akacheka, akaniita ndani. Gari ya marehemu mumewe ilikuwa chini ya turubai, vioo viwili mbele, kibati mahali pake, kutu imekula mbavu za chini lakini ukuta wa injini mzima. Ameshafuatwa na wanunuzi mara nyingi, wengine na hadithi ya makumbusho, wengine na hadithi ya ukoo. Aliniruhusu niandike namba kwa sharti nisiseme ni mtaa gani.

Orodha ya watoto ilipolinganishwa na zile mbili, zilizojirudia zilikuwa haba mno, na karibu zote zilikuwa zile zinazotembea. Hapo ndipo nilipoacha kutafuta idadi moja nikagawa mafungu mawili. Zinazotembea, makisio ya orodha zote yanakaribiana, nami nayaamini. Zilizolala, orodha ya tatu peke yake ilitosha kuyasukuma makisio ya jumla kukaribia mara mbili ya yale ya mwanzo, na nafasi baina ya makisio ya chini na ya juu ni kubwa kiasi kwamba anayetaja idadi ndogo na anayetaja kubwa wote wanaweza kudai wameshinda. Wa barazani aliyesema tatu ndiye pekee aliyekosa njia ya kujitetea.

Idadi yenyewe naiweka kwangu, nayo si siri ya maringo. Nilipoanza kuwaonyesha watu wawili watatu makaratasi yangu, swali la kwanza halikuwa umehesabuje, lilikuwa ziko wapi. Idadi ndogo ikitangazwa, bei inapanda kesho yake, na mwenye gari asiyetaka kuuza ndiye anayepoteza usingizi. Wenyewe nimewapa, kila mmoja makisio na karatasi ya gari yake, bila ya majina ya wengine.

Kilichobaki ni Pemba. Siwezi kuchukua makisio ya Unguja nikaongeza kidogo, kwa sababu gari zimekuwa zikivuka baina ya visiwa kwa meli, na gari iliyoandikwa Mkoani inaweza kuwa ileile niliyoiandika Darajani kabla haijauzwa. Kwa hivyo orodha za Wete na Chake Chake lazima ziwe za vibati, rangi na namba za barabarani hazitoshi. Mwenye kutaka kusaidia aniandikie namba ya kibati na umbo la kioo cha mbele. Mtaa asinitajie.